Panya wa Zizi la Kusini

Nimezika ng'ombe kumi na wawili kwa mikono yangu, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa ugonjwa. Wote walichinjwa kwa ajili ya amani. Sita kwa amani ya milele na watu wa Jin walioko kaskazini, sita kwa amani ya milele na watu wa Chu walioko kusini. Siku hizi ukichimba nje ya malango yetu, jembe linagonga pembe za amani iliyopita.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na sisi watu wa Gan ndio nyasi. Nchi yetu gari la farasi linaivuka kwa siku mbili. Basi zamani mfalme wetu mzee aliamua tusisumbuke kufikiri kila mara: akajenga zizi moja kwenye lango la kaskazini na jingine kwenye lango la kusini. Kila zizi lina ng'ombe mwekundu asiye na doa, robota kumi za hariri, na vibao vya mawe vya kuandikia kiapo kwa wino mwekundu. Jeshi likitokea upande wowote, tunatoka na ng'ombe wa upande ule. Anakatwa sikio la kushoto, wakubwa wanajipaka damu midomoni, kiapo kinasomwa, ng'ombe anachinjwa na kulazwa shimoni na kiapo chake mgongoni. Wakubwa wanakwenda kunywa. Mimi, mchungaji wa mazizi yote mawili ninayelala katika lile la kusini, nabaki kufukia shimo.

Naitwa Kui. Mke wangu alikufa zamani, na mtoto ninaye mmoja tu, binti, anaitwa Ruo. Mambo haya yote niliyafanya kwa ajili yake, na sisemi hivyo ili nionewe huruma.

Miaka saba kabla ya mwaka ninaousimulia, Jin walitaka rehani. Kiapo peke yake hakikuwatosha, walitaka mtu wa kushika mkononi. Mfalme akampeleka mjukuu wake mrithi, Jiu, aliyekuwa na miaka tisa. Mtoto wa mfalme hawezi kwenda peke yake, akapewa mlinzi, mwalimu na mpishi. Mpishi alikuwa Ruo wangu. Alikuwa amezika mtoto wake mchanga mwaka ule, mume keshamfia vitani, na nadhani aliona ni afadhali kumpikia mtoto wa mwenzake kuliko kukaa na mimi kutazama ukuta. Kila mwaka baada ya mavuno aliniletea viatu vya katani kwa mkono wa wajumbe. Kwa hivyo kila mwaka nilijua yu hai, na pia nilijua bado anadhani mguu wangu ni mkubwa kuliko ulivyo.

Sasa sikiliza jambo moja, maana lote linasimama juu yake. Jin wana sheria ambayo hata sisi tunaona ni ya haki: kiapo cha kulazimishwa si kiapo. Chu wakikuzunguka ukutani, ukaapa nao huku kisu kiko shingoni, roho za wazee huziba masikio, na Jin wananguruma kisha wanasamehe. Lakini ukitoka kwa miguu yako kwenda kuapa na Chu kabla hata mshale mmoja haujarushwa, huo ni usaliti. Hapo rehani anauawa, yeye na kila anayekula katika jiko lake.

Miaka yote tuliingoja Chu ifike ukutani kwanza, na ndiyo maana Ruo aliendelea kuniletea viatu.

Majira ya kuchipua ya mwaka ule jeshi la Chu likapiga kambi ng'ambo ya mto, kusini. Siku ya pili yake, asubuhi, waziri mkuu wetu Gongsun Tiao alikuja zizini na mjumbe wa Chu kumwonyesha ng'ombe. Tiao alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, msafi, hata matope yalikuwa yanamwogopa. Mjumbe alikuwa mnene na mcheshi. Nilisimama nimeshika kamba.

"Ng'ombe mzuri," mjumbe akasema. "Lini?"

"Baada ya siku nne. Mpiga ramli keshaipata siku. Ila nyinyi msivuke mto. Bakini huko huko, sisi ndio tutakaowafuata."

"Haya ni mapya. Bwana wangu atashangaa. Watu wa Gan nawajua, mnangoja tubishe hodi ukutani."

"Tumechoka kubishiwa hodi."

"Na yule mtoto wenu aliyeko Jin?"

Tiao akampapasa ng'ombe shavuni. "Kila nyumba ina mtoto wa pili."

"Na huyo wa pili mama yake ni nani vile?"

"Dada yangu. Kwani hukujua?"

"Nilijua. Nilitaka nikusikie ukisema mwenyewe."

Wakacheka wote wawili. Mtoto wa pili alikuwa Tun, ndugu yake Jiu kwa baba ambaye sasa ni marehemu, mwenye miaka miwili na meno manane. Mfalme mzee alikuwa kitandani akikohoa damu. Jiu akiuawa, Tun ndiye mfalme, na mfalme mwenye meno manane anahitaji mjomba.

Utajiuliza walisemaje maneno hayo mbele yangu. Ndugu yangu, wakubwa husema mbele ya mchungaji kama wanavyosema mbele ya ng'ombe. Tiao aliponigeukia alikuwa na uso wa upole kabisa.

"Mzee, anakula vizuri?"

"Anakula kunishinda mimi, mheshimiwa."

"Mwongeze."

Wakaondoka. Mimi nikabaki nimeshika ile kamba mpaka ng'ombe mwenyewe akachoka akalala chini. Sikulia. Nilihisi uchovu tu, uchovu wa mtu aliyechota maji maisha yake yote kwa kapu. Nilimwacha mwanangu aende ugenini ili amani ikae, na sasa mtu mmoja anataka kumuua kwa kutumia ng'ombe niliyemlisha mimi.

Ningemwambia nani? Mfalme hakuwa akitambua watu tena. Mawaziri wengine walikuwa wakimwogopa Tiao au wakila kwake. Nilichokuwa nacho ni ng'ombe.

Ng'ombe wa kiapo ana masharti yake. Hapigwi, hafanyi kazi, analala kwenye majani makavu, na pembe zake zinafungwa ubao asije akazigonga ukutani. Pembe ndizo zinazotazamwa na wazee waliotutangulia. Panya akizitafuna, hata kidogo, yule si ng'ombe wa kiapo tena, ni nyama. Tena haihesabiwi kuwa ni njama ya mtu. Husomwa kwamba wazee wamekataa. Lazima atafutwe mwingine kwa ramli, aogeshwe, atengwe siku kumi. Mchungaji anapigwa fimbo thelathini kwa uzembe, basi. Lakini ikijulikana kwamba pembe imekatwa kwa mkono wa mtu, mtu huyo anakatwa miguu.

Siku ya tatu mvua kubwa ilinyesha adhuhuri. Walinzi wawili wa zizi walikimbilia kibandani kunywa uji wa uwele. Nikamwendea ng'ombe na kisu kidogo cha kukwangulia kwato. Nikamfungua ubao. Nilikuwa nimewahi kuona pembe iliyotafunwa na panya, mara moja, ujanani. Ina mistari midogo midogo, miwili miwili. Nikachonga vivyo hivyo, chini karibu na nywele, mistari kama kumi na minne. Ng'ombe hakutikisika. Alinilamba mkono, kwa kuwa alizoea kwamba mkono wangu huja na chumvi. Hapo ndipo machozi yaliponitoka, na sijui kama yalikuwa ya ng'ombe au ya Ruo.

Kesho yake asubuhi, siku yenyewe ya kiapo, walikuja wote. Tiao, mjumbe wa Chu, makarani na vibao vyao vilivyokwisha kuandikwa, na mpiga ramli Bu Qi, mzee kunizidi mimi, aliyekuwa akisoma nyufa za magamba ya kobe tangu nikiwa mtoto. Ilikuwa kazi yake kumkagua ng'ombe mara ya mwisho. Alipofungua ubao akauweka chini. Akainama. Akapitisha kidole gumba juu ya ile mistari, polepole, mara mbili. Kisha akanitazama usoni, mara moja tu.

"Panya," akasema.

Makarani wakaguna. Tiao akasogea akaitazama pembe kwa karibu sana. "Una hakika?"

"Nimekagua pembe miaka hamsini na mbili, bwana mkubwa. Ukitaka, jikagulie wewe, nami nikaandike hati za kodi."

"Mchukueni wa kaskazini."

"Yule ameshatangazwa mbele ya wazee kwa jina la Jin. Ukimchinja kwa jina la Chu, utakuwa umewaapia wawili kwa shingo moja. Mjumbe wa Chu atafurahi kusikia hivyo?"

Mjumbe hakufurahi. Alisema kiapo cha namna hiyo ataaibika nacho nyumbani, afadhali wangoje siku kumi. Tiao hakubisha zaidi. Alinitazama mimi, na kwa mara ya kwanza nadhani aliona kwamba nina uso.

"Thelathini," akasema.

Nikapigwa thelathini pale pale. Niliona ni bei rahisi. Nilihesabu kila fimbo nikimtaja Ruo moyoni, na nilifika ishirini na sita kabla ya kuanza kuomba iishe.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: katika siku kumi, habari zingefika Jin; labda jeshi lao lingeteremka, Chu wangerudi kwao, na mwaka ungepita kama miaka mingine. Nilisahau kwamba ng'ambo ya mto kulikuwa na maelfu ya askari waliokaa bure kwenye matope, na mkubwa wao alikuwa ameambiwa tunakuja, kisha akaambiwa kuna panya. Wewe ungeamini?

Siku ya sita walivuka.

Walivukia Kivuko cha Mierebi, ambacho ndicho kijiji cha kwanza upande wetu. Nyumba arobaini na moja. Tuliona moshi kutoka ukutani tangu asubuhi, na mchana watu wakaanza kuingia mjini kwa lango langu, mbele ya zizi langu. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye majani kwa sababu ya mgongo, kwa hiyo niliona miguu yao tu ikipita. Mingi haikuwa na viatu. Nilikuwa na jozi saba za viatu vya katani, na sikuinuka kwenda kuvileta. Jambo hilo hunirudia kuliko hata moshi wenyewe.

Chu wakatuzunguka siku nne. Siku ya tano tulitoka na ng'ombe mwingine tukaapa, kisu kikiwa shingoni, kama ilivyo desturi. Tiao alijipaka damu midomoni na uso umemwiva kwa hasira. Nami nikafukia shimo. Jin walipopata habari walinguruma, wakasema Gan imelazimishwa, wakasamehe. Jiu akabaki hai, na jiko lake pia.

Siku chache baadaye Bu Qi alikuja zizini akaketi kwenye pipa.

"Panya hana mkono wa kulia, Kui," akasema.

Nikaendelea kufagia majani.

"Mistari yako yote imelalia upande mmoja. Tena ni safi mno. Panya hutafuna, akachoka, akarudi, akajinyea. Mara nyingine, kama utakuwa mpumbavu kiasi cha kuwa na mara nyingine, tafuta panya wa kweli."

"Kwa nini ulisema vile, mzee wangu?"

"Kwa sababu nimechoka kuwasomea siku njema watu wabaya." Akaipapasa fimbo yake. "Nilidhani Chu watangoja. Shemeji yangu alikuwa anakaa pale kivukoni."

Akaondoka, na hakuwahi kuja tena. Alikufa kabla ya baridi.

Kati ya watu wa kivukoni alikuwapo mwanamke anayeitwa Ahuan, wa miaka kama thelathini. Mume wake alirudi kuchukua mbuzi, hakutoka. Alikuwa akilala chini ya ukuta na mama yake, mbele ya zizi. Nikampa kazi ya kukata majani ya ng'ombe. Nikampa pia viatu, jozi mbili, naye akanishukuru mpaka nikaona aibu. Alikuwa mwepesi wa ulimi.

"Mzee Kui, nasikia kulikuwa na panya," aliniambia siku moja. "Nikimpata huyo panya nitamla mbichi."

"Atakuwa keshakufa."

"Ana bahati."

Baada ya miezi michache mama yake akachoka na maisha ya chini ya ukuta, akahamia kwa ndugu zake kaskazini, Kijiji cha Miforosadi, kulea viwavi wa hariri. Ahuan akabaki kwangu. Nilimzoea. Alikuwa akinikemea kwa kutokula, jambo ambalo hakuna mtu alikuwa amenifanyia tangu Ruo aondoke.

Baridi ile ile mfalme mzee akafa. Jin wakamrudisha Jiu, kijana wa miaka kumi na sita sasa, pamoja na magari ya vita mia moja ya kumsindikiza ili mtu asisahau ni nani aliyemlea. Tiao alimpokea langoni kwa magoti yote mawili, akatubu kwa machozi ya kutosha kujaza ndoo, akabaki waziri mkuu. Kijana alihitaji mtu anayejua ghala lilipo.

Na nyuma ya msafara, juu ya gari la vyungu, akaja Ruo.

Alikuwa amenenepa kidogo, na nywele za mbele zimeingia mvi. Alishuka akanitazama miguuni kwanza.

"Baba, mbona viatu vinakupwaya?"

"Vimekuwa vikinipwaya miaka saba."

"Ungesema."

"Ningesema kwa nani?"

Akacheka, halafu akanishika mikono na tukasimama hivyo mpaka magari yote yakapita. Nilifurahi, nasema wazi, nilifurahi kuliko siku aliyozaliwa. Alikaa nami siku kumi na moja. Alipika, alinishonea, aligombana na Ahuan juu ya chumvi wakapatana. Sikumwambia habari ya pembe. Nilitaka kumwambia, lakini kila mara Ahuan alikuwa karibu.

Siku ya kumi na mbili ikaja habari kwamba Chu wamekasirika. Gan sasa ina mfalme aliyeletwa na Jin. Basi nao wanataka rehani, la sivyo watavuka tena. Mfalme Jiu hakufikiri sana. Alimtoa mdogo wake Tun. Mtoto wa mfalme hawezi kwenda peke yake. Akauliza kama yuko mpishi anayejua maisha ya ugenini.

"Usiende," nikamwambia Ruo. "Nitakwenda kulala mlangoni pa mfalme. Nimewafanyia kazi miaka arobaini."

"Baba, ana miaka mitatu. Usiku analia anataka uji wa maziwa, na kule kusini hawajui uji wa maziwa." Alikuwa anakunja nguo zake vizuri, moja juu ya moja. "Jiu naye alikuwa analia hivyo hivyo. Sasa amekuwa mfalme na hakunitazama hata nilipomuaga. Huyu pengine atanitazama."

"Na kama hawatamtunza? Kama watu wa hapa wataapa na Jin?"

"Hilo ni lao wakubwa. Mimi kazi yangu ni jiko."

Akaondoka kwa lango la kusini, mbele ya zizi langu, na Tun amelala mapajani mwake. Nilichukua mtungi wa udongo wenye mdomo mwembamba, na juma lile nikaingiza panya ndani, dume, mwenye meno mazuri. Nikamlisha uwele. Sikumwambia mtu ni wa nini. Hata mimi sikujiambia.

Imepita miezi mitano tangu hapo, na sasa nafika kwenye juzi.

Juzi asubuhi Gongsun Tiao alikuja zizi la kaskazini nikisugua ng'ombe wa Jin. Alikuja peke yake na kwa miguu. Matope yalikuwa yamemshika mpaka magotini, na hakujali. Alisimama akimtazama ng'ombe.

"Jeshi la Jin liko safari ya siku tisa kutoka hapa," akasema. "Linakuja kupokea kiapo. Mfalme anataka tutoke tukawapokee njiani, na ng'ombe, kabla hawajafika. Anasema ni heshima kwa waliomlea."

"Ni heshima, mheshimiwa."

"Usinichezee, mzee. Heshima ya namna hiyo naijua, niliwahi kuwa nayo." Akafuta uso kwa mkono wa nguo yake. "Chu nao wana sheria kama ya Jin: tukiapa kwa hiari, watamuua Tun. Ndugu yake analijua hilo. Ndiyo maana ana haraka."

Nikaendelea kusugua. Tun, na kila anayekula katika jiko lake.

"Dada yangu hali wala halali," Tiao akasema. Kisha sauti yake ikashuka, ikawa kama ya mtu anayekuja kuomba moto kwa jirani aliyegombana naye. "Mzee Kui. Yule panya. Bado yupo?"

Nimewahi kuota siku ya kumwona mtu yule ananiomba kitu. Katika ndoto nilikuwa nikisema maneno mengi. Juzi niliona tu kwamba naye amezeeka.

"Panya wapo siku zote, mheshimiwa."

Akaitikia kwa kichwa, akageuka kwenda. Nikamwita.

"Safari hii zitaungua nyumba ngapi?"

Alisimama, lakini hakugeuka. "Jin ni rafiki zetu," akasema. "Pengine watangoja." Akaenda zake.

Watangoja! Jeshi la Jin likija kwa njia ya kaskazini, kijiji cha kwanza upande wetu ni Kijiji cha Miforosadi.

Jana nilikwenda nikautoa mtungi chini ya majani na kuuleta zizi la kaskazini. Nilikuwa nimeuweka magotini. Panya alikuwa anakwaruza ndani. Nilijua nitakachofanya, sitaki kumdanganya mtu. Tangu Tiao alipotamka jina la Tun nilijua. Mtu aliyekwisha kuuza wenzake mara moja anaijua njia ya sokoni. Ahuan akaingia na mzigo wa majani kichwani, akautua, akaketi kupumzika.

"Hicho nini, mzee?"

Nilisema, "Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Viwavi wake wameanza kusuka. Amesema mwezi ujao nikamsaidie kuchemsha."

"Mlete mjini."

"Mama? Hatakuja. Sasa ndio wakati wa kazi."

"Mlete mjini, Ahuan. Yeye na ndugu zake wote, na majirani watakaokusikia. Kabla ya siku tano. Waache viwavi."

Alianza kucheka, akaacha. Aliutazama mtungi. Ndani panya akakwaruza tena, naye Ahuan akamtazama ng'ombe, na ule ubao wa pembe niliokwisha kuufungua nusu. Ahuan si mjinga. Niliona uso wake ukirudi nyuma, siku hadi siku, mwaka mzima na zaidi, kupitia majani aliyonikatia na uji aliokunywa kwangu, mpaka ukafika Kivuko cha Mierebi.

Nilingoja apige kelele. Nilingoja aende kwa walinzi. Miguu yangu ilikuwa mikononi mwake. Aliinama akavua viatu vya katani, kimoja, kisha kingine, akavipanga vizuri mbele yangu.

"Ile mara ya kwanza hukutuambia," akasema.

"Sikuwaambia."

Akachukua mundu wake akatoka peku, akashika njia ya kaskazini kwenda kwa mama yake.